Kioo cha upande wa Baba

Huku Mlimani mvua inapiga ile mbaya, vimbweta vyote vimelowa na watu wanajisomea kwenye korido. Nimekuwa kimya wiki mbili kwa sababu wikiendi zote mbili nilikuwa home Kimara, na kazi iliyonishika huko haimo kwenye kitabu chochote cha semista hii. Nilikuwa nanyoosha kioo cha mlango wa gari. Ndiyo, mimi huyu wa Bcom uhasibu, na spana namba kumi mkononi. Chekeni mmalize halafu tuendelee.

Gari lenyewe ni Corolla 110, zile za mwisho wa miaka ya tisini ambazo enzi fulani kila teksi ya Dar ilikuwa ni hiyo. Mzee alilinunua 2009 likiwa tayari limeshatumika kwa Wajapani, na tangu hapo halijawahi kuwa na mbwembwe yoyote. Redio inashika stesheni mbili. Vioo vyote vinne ni vya kuzungusha kwa mkono. Wadogo zangu wanaliita mkweche, lakini wanaliita hivyo Mzee akiwa ndani amelala, maana yeye alikuwa dereva wa malori ya kwenda Tunduma miaka ishirini na ushee na gari kwake si kitu cha kutukanwa.

Novemba 2023 Baba alipata kiharusi. Sitaki kuandika habari ndefu za hapo, wengine wenu mlikuja kumwona na mnajua. Kifupi, upande wa kulia ulilegea, na maneno mengine yakapotea. Anaelewa kila kitu unachosema, anacheka penye kuchekesha, ila jina la kitu linamgomea mdomoni. Mguu umerudi kiasi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia bado. Mara mbili kwa wiki kaka anampeleka hospitali kwenye mazoezi ya viungo, na safari hizo ndizo zilizolirudisha gari barabarani baada ya kukaa chini ya mwembe miezi kadhaa.

Sasa sikilizeni hapa. Kaka anaendesha, kwa hiyo yuko kulia. Baba anakaa mbele kushoto. Mlango wake uko upande wa kushoto, na kishikio cha kuzungushia kioo kiko palepale kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima. Ndani ya lile gari kitu pekee ambacho Baba alikuwa anakifanya mwenyewe bila kusaidiwa ni kioo. Mkanda anafungwa. Mlango anafungiwa. Kioo anakishusha mwenyewe, anapunga upepo, anawasalimia vijana wa kijiweni, anakipandisha mwenyewe.

Na hicho ndicho kioo kilichopinda.

Kilianza polepole. Ukizungusha, pembe ya mbele inatangulia kupanda, ya nyuma inabaki chini, halafu kioo kizima kinakwama kikiwa kimeinama kama kofia ya mlevi. Ili kifunge ilibidi mtu mmoja azungushe na mwingine akamate kioo kwa viganja viwili, mmoja ndani mmoja nje, akisukume juu. Hata kikifunga, nyuma pale panabaki upenyo wa kuingiza kidole. Masika ndiyo hii imeingia. Siku moja walirudi kutoka hospitali Baba bega zima limelowa, na anayelowa hivyo ni mtu ambaye hawezi hata kujisogeza akae upande wa pili. Akaacha kukigusa kile kioo. Mama alikuwa anaweka mfuko wa nailoni na selotepu.

Kaka akalipeleka gari gereji moja (siitaji, sitaki kesi). Fundi akafungua mlango, akafunga mlango, hakutoa hata skrubu moja, akasema mashine ya kioo imekufa, inunuliwe nyingine, na ufundi juu yake, jumla elfu themanini na tano. Wandugu, elfu themanini na tano nyumbani kwetu kwa sasa ni mafuta ya safari za hospitali za mwezi na chenji. Mama alishaanza kuhesabu atakopa wapi. Ndipo Baba akagonga fimbo chini mara mbili, akasema, "Hapana. Hapana hiyo." Akaninyooshea mimi kidole. Si kaka, mimi! Kaka hana subira na skrubu, nyumba nzima inajua.

Basi Jumamosi ya kwanza tukaweka kiti cha plastiki chini ya mwembe, Baba akakaa na fimbo yake, nikavaa dela la zamani, tukaanza.

Nilidhani tutaanza na kioo. Kumbe cha kwanza ni mlango wenyewe. Akanionyesha kwa kiganja: fungua nusu, shika chini kwenye ncha, inua. Nikainua. Haukucheza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye nikaelewa: kama bawaba zimelika mlango unashuka wote, na kioo kinaonekana kimepinda wakati kosa si lake. Ukinyoosha kioo kwenye mlango ulioshuka unajisumbua bure, maana umekilinganisha na kitu ambacho nacho hakijalingana. Sisi wahasibu tunalijua hilo, ukichukua salio la mwanzo lisilo sahihi hesabu yote ya mwezi ni hadithi.

Cha pili ni kutoa kava la ndani. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu skrubu zimefichwa na kila mtu anavuta kwa nguvu. Kwenye Corolla hizi kuna skrubu kwenye egemeo la mkono, ambazo wakati mwingine zimezibwa na vifuniko vidogo vya plastiki, kuna moja nyuma ya kitasa cha ndani cha kufungulia mlango, na kuna ile pembetatu ya plastiki karibu na saitmira ambayo inabanduka yenyewe. Bisibisi ya nyota inatosha. Zikishatoka zote, ukingo wa kava umeshikwa na klipu za plastiki kuzunguka pande tatu. Unaingiza kitu bapa karibu na klipu, unaitoa moja moja, halafu kava lote unalinyanyua kwenda juu, kwa sababu upande wa juu limening'inizwa kwenye ukingo wa dirisha. Ukilivuta kuja kwako litapasuka pale juu.

Lakini kabla ya hayo kuna kishikio cha kuzungushia. Huwezi kuona skrubu yake kwa sababu haina. Nikazunguka nacho nikitafuta, Baba ananitazama tu, uso umenuna kwa raha. Kisha akamwita Mama kwa kidole, akashika pindo la kanga aliyojifunga. Mama akashtuka, "Mzee, mbele ya watoto?" Tukacheka mpaka machozi. Alikuwa anataka kitambaa! Nyuma ya kishikio kuna kibanio cha waya chenye umbo la kiatu cha farasi. Unachukua kipande cha nguo kuukuu, unakipitisha kati ya kishikio na kava, unakikaza kwa mikono miwili na kukivuta kushoto kulia kama mtu anayeng'arisha kiatu, huku ukielekea upande ambao ncha za kibanio zipo. Uzi wa nguo unakikamata, kinaruka tii! Weka mkono, kikiruka kwenye majani hukioni tena. Na kabla hujatoa, angalia kishikio kinaelekea wapi kioo kikiwa kimefungwa, ili ukirudisha kisije kikakugonga goti kila siku.

Ndani ya kava kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Nilikuwa nimeshaikunja niitupe. Baba akapiga fimbo kwenye bati. "Maji," akasema. "Maji hiyo." Nikamwambia, abee baba, lakini maji si ndiyo hatutaki yaingie? Akaonyesha chini kabisa ya mlango. Nikainama. Kuna vitundu.

Hii sikuijua na naona wengi hamuijui: mlango wa gari umetengenezwa ukijua kwamba maji yataingia. Kila mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kwenye kioo mengine yanapita kwenye ule mstari wa raba na kuingia ndani ya bati, yanashuka mpaka chini, yanatokea kwenye vile vitundu. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwenye miguu ya abiria. Ukiitupa, zulia linalowa na wewe unalaumu kioo. Vitundu vikiziba, maji yanakaa humo na bati linaoza kutoka ndani, unakuja kugundua rangi imeshatoka malengelenge. Vya kwetu viwili vilikuwa vimeziba kwa mchanga. Nilivizibua kwa njiti, yakatoka maji ya kahawia ya sijui mvua ya lini. Nailoni tuliibandua taratibu, tukaitundika kwenye kamba ya nguo.

Sasa tukaona ndani. Ngoja niwaeleze kilichomo kwa sababu bila hiki mengine hayaeleweki.

Mafundi wanaita mashine ya kioo, lakini kwenye magari haya ni mikono miwili ya chuma iliyopishana kama mkasi. Mkono mkubwa una meno mwishoni. Ukizungusha kishikio, gia ndogo inasukuma yale meno, mkono unainuka na kubeba kioo. Mkono wa pili hausukumi chochote, kazi yake ni kusawazisha. Kichwa chake cha juu kinateleza kwenye reli iliyo chini ya kioo, na mguu wake wa chini unateleza kwenye kireli kifupi kilichofungwa kwenye bati la mlango kwa bolti mbili. Kireli kikiwa kimelala sawa, kioo kinapanda sawa. Kireli kikiinama hata kidogo, mkono unainama, kioo kinainama, kinaanza kubana kwenye raba za pembeni, na wewe unazidi kuzungusha kwa nguvu na kuzidi kukipinda.

Yaani mashine inaweza kuwa nzima kabisa, na kilichoshuka ni kireli cha pembeni.

Chetu kilikuwa na bolti moja. Ya pili haikuwepo, na ile moja iliyobaki ilikuwa inacheza ukiigusa kwa kidole. Mlango huo uliwahi kufunguliwa zamani kubadilishwa kitasa, na ni wazi aliyefunga hakurudisha kila kitu au hakukaza. Bolti iliyopotea tuliikuta chini ya mlango, kwenye mchanga, imeota kutu. Mama akaichukua akaitikisa kiganjani, akasema, "Ndiyo hii!" Miaka yote alikuwa analalamika kwamba gari likikata kona upande huo kuna kitu kinalia kama sarafu kwenye kibubu, na sisi tunamwambia ni mwenyewe anasikia vitu. Haki ya mtu isipotee, Mama ulikuwa sahihi.

Nikamwonyesha Baba. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaigeuza geuza, akatafuta neno. Ilichukua muda. Anatafuta neno kama mtu anayepapasa switchi gizani, na tumefundishwa hospitali tusimmalizie, tumsubiri. Nikasubiri. Kuku wakapita. Akasema, "Kumi." Spana ya kumi, bolti yenye kichwa cha kumi. Aliyasahau majina ya wajukuu wawili lakini kumi haikupotea. Nikaenda duka la vifaa pale stendi na ile bolti mkononi, nikapata mpya ya unene uleule, milimita sita, pamoja na washa yake, kwa shilingi mia tano. Linganisha na elfu themanini na tano.

Wakati narudi kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, dada, si umpelekee fundi tu? Nikamwambia fundi ninaye nyumbani, amekaa kwenye kiti.

Kazi yenyewe sasa. Ukiutazama ule mlango ulio wazi, akili inakutuma ushushe kioo kwanza ili uone vizuri, unyooshe kireli kwa macho, ukaze, upandishe. Nilimuuliza Baba kama tushushe. Akasema, "Juu." Nikamuuliza kwa nini juu wakati kikiwa juu bolti ziko kwa ndani na mkono haupiti vizuri. Hapo akahitaji maneno mengi na hakuwa nayo. Akanyamaza. Nikadhani amechoka, nikataka kumletea chai.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kiberiti. Akakibana kwenye paja, akasukuma kile kidroo kwa kidole gumba mpaka kikatoka nusu. Akakigusa: kinacheza, kimekaa upande. Akakisukuma tena taratibu mpaka ndani kabisa. Kikanyooka chenyewe. Akanitazama. Akarudia tena, nusu kimepinda, ndani kimenyooka.

Jamani, nilielewa palepale. Kioo kikiwa chini hakina cha kukinyoosha, utakisia tu. Kikiwa juu kabisa kimeingia kwenye fremu, ile fremu yenyewe ndiyo rula. Unalegeza bolti, unakisukuma kioo kwa viganja mpaka ukingo wote wa juu uzame kwenye raba, mbele na nyuma, na kireli kikiwa huru kinafuata chenyewe mahali kinapotakiwa kukaa. Kisha unakaza. Matundu ya bolti za kile kireli si ya duara, ni marefu kwenda juu na chini, waliotengeneza waliyaacha makusudi kwa kazi hiyo. Nilikuja kuangalia baadaye kitabu cha ufundi cha Toyota, nacho kinaelekeza hivyohivyo: kioo kikiwa kimefungwa kabisa, sogeza mkono wa kusawazisha juu au chini mpaka nafasi ya mbele na ya nyuma zilingane. Mzee hakuwahi kukiona hicho kitabu. Aliyajua hayo njiani, kwenye malori, usiku.

Lakini tulikuwa hatujafika kukaza. Raba kwanza. Zile raba zinazoshika kioo pembeni zilikuwa zimejaa vumbi la miaka, limeganda kama saruji, na sehemu moja ya nyuma ilikuwa imetoka kwenye njia yake imejikunja. Hata kireli kikikaa sawa, kioo kikipita kwenye raba kavu namna hiyo kitakwama upande mmoja na kuanza kujipinda upya. Nikatumia mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nikasugua njia yote ya mbele na ya nyuma kwa saa nzima, mswaki ukafa. Ile iliyojikunja nikairudisha kwa kuibonyeza na kidole kuanzia juu. Tukaiacha ikauke. Ikaishia hapo Jumamosi ya kwanza, kwa sababu mvua ilirudi, tukaufunika mlango na turubai.

Jumapili na wiki nzima nilikuwa chuo nikisikiliza lekcha za kodi huku nafikiria raba. Roommate wangu anasoma uhandisi mwaka wa tatu, nikamuuliza anapaka nini kwenye raba za kioo, akasema oili. Mheshimiwa, hapana! Oili ya injini na grisi vina asili ya petroli, vinailainisha raba mpaka inavimba, halafu vinashika vumbi, ndani ya mwezi una msasa. Raba inapakwa silikoni, ile ya kupulizia, unaiweka kwenye kitambaa na kupitisha. Grisi mahali pake ni kwenye meno ya mashine na kwenye reli wanapoteleza vigurudumu, chuma kwa chuma. Silikoni nilinunua kwa hela yangu ya kula, na wiki hiyo nilikula wali maharage siku tano mfululizo. Imebaki kopo karibu nusu, iko chini ya kitanda.

Jumamosi ya pili tukamaliza. Nikaweka bolti mpya bila kukaza, nikalegeza na ile ya zamani. Kabla ya kulegeza nikabandika selotepu pana kutoka kwenye kioo kwenda juu ya fremu, vipande vitatu, ili kioo kisiteleze kikashuka ghafla. Vioo vya pembeni si kama cha mbele. Cha mbele kina tabaka la plastiki katikati, kikipasuka kinashikana. Cha pembeni kimechomwa na kupozwa kwa namna ya kukifanya kigumu, unaweza kukipiga kofi katikati na kisisikie, ila ukikigonga ukingoni kwa chuma kinaweza kulipuka chote kuwa chembechembe kama chumvi ya mawe. Kwa hiyo spana ndani ya mlango inakwenda kwa adabu.

Kaka akasukuma kioo juu kwa viganja. Mimi nikaingiza mkono kwenye tundu la bati (chanikeni mikono yenu mtajua, kingo zake ni kama wembe, vaeni hata soksi mkononi). Nikakisikia kireli kinasogea chenyewe, upande wa nyuma ukapanda kama upana wa kidole kidogo. Nikakaza ya nyuma kidogo, ya mbele kidogo, ya nyuma tena, ya mbele tena, mpaka zikaumana. Baba akahesabu kwa fimbo.

Halafu jaribio la karatasi. Akachukua risiti ya duka la dawa. Unafunga mlango, unapandisha kioo kikiwa kimeibana ile karatasi kwenye raba ya juu, kisha unaivuta. Inatakiwa igome kidogo, na igome sawasawa mbele, katikati na nyuma. Mbele iligoma. Katikati iligoma. Nyuma ilitoka kirahisi kuliko zile nyingine. Akanyoosha kidole kidogo cha kushoto na kukikunja nusu: kidogo tu. Tukapandisha kioo juu kabisa, tukalegeza, tukasogeza kama unene wa sarafu, tukakaza. Karatasi ikagoma kote. Mizania imekubali, debiti na krediti! Nikamwaga ndoo mbili za maji juu ya mlango, Mama yuko ndani na kitambaa kikavu anapapasa. Kavu.

Nailoni tukairudisha na gundi yake ileile, ukiianika juani kidogo inanata upya. Kava, skrubu, pembetatu. Kishikio hakihitaji kanga kurudi, unapachika kibanio kwanza kwenye kishikio halafu unakipiga kofi kinakaa.

Kwa wenye magari mengine, maana najua mtaniuliza. Vya umeme vingi havina mkasi, vina kebo na mota, na kebo ikikatika au ikiruka kwenye kapi hapo ni kweli unanunua mashine, hakuna cha kunyoosha. Na wale wa Subaru Forester za kabla ya 2008 na Impreza za kabla ya 2007, milango yenu haina fremu juu, kioo kinakuja kubana chenyewe kwenye raba ya paa. Hiyo rula niliyosema nyie hamna. Chenu kinarekebishwa mwinamo wa ndani na nje na mahali pa kusimamia juu, na ukikosea unasikia upepo unapiga mluzi kuanzia Ubungo mpaka Chalinze. Nyie tafuteni mtu aliyewahi kukifanya kwa macho yake.

Jumatatu walikwenda hospitali, mimi nikapanda nyuma wanishushe Ubungo. Kulikuwa na manyunyu. Tulipofika kijiweni Baba akaweka mkono wa kushoto kwenye kishikio, akazungusha mara nne, kioo kikashuka. Vijana wakapiga kelele, "Mzee wa Tunduma!" Akainua kidole. Kisha akazungusha tena, polepole, na mimi nyuma nilikuwa nimeshika roho nakitazama kioo kikipanda, pembe zote mbili pamoja. Kikaingia. Hakugeuka kunitazama wala nini. Akagonga mlango wa nyuma upande wangu na kifundo cha kidole, akasema, "Huu bado."

Ni kweli, wa nyuma kushoto nao unakwaruza. Kwa hiyo Jumamosi hii sipo tena, mwenye mambo ya group assignment anitafute kabla ya Ijumaa saa kumi. Na mwenye mswaki mzee asiutupe, naupitia chumbani kwenu.